Siku Baba Alipoukimbia Uwanja

Mwezi uliopita nilikwenda mjini Kasulu kumnunulia mjukuu wangu godoro. Kijana wa dukani alipochana nailoni ili nilibonyeze na kuridhika, ikatoka ile harufu ya sponji mpya, harufu ya mpira uliopigwa jua ikachanganyika na dawa ya hospitali. Nikakunja uso.

"Mama, hulipendi? Kuna jingine la maua," akasema.

Nikamwambia ni zuri, nikalichukua. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa na hasira, tena hasira kongwe, ya msichana wa darasa la tano. Nilipofika nikaona heri niiandike kuliko kuwamwagia watu wa nyumbani wasio na hatia. Kwa hiyo nisikilizeni ninyi.

Tulikuwa tunakaa kijiji kimoja upande wa Kitanga, miaka ile ya sabini watu walipokuwa wameletwa kuishi pamoja vijijini, nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi wa gwaride. Sisi tulikuwa tumetoka Burundi. Nilivuka mpaka nikiwa mdogo. Ninachokumbuka ni visigino vya mama mbele yangu na majani yenye umande yakinichapa usoni. Waha, wenyeji wa pale, walitupokea bila makuu, maana lugha yao na yetu ni mtu na nduguye. Tukikosana neno tulicheka, tukaendelea kupalilia. Baba tulimwita Data, kama watoto wote wa kule. Jina lake lilikuwa Melkioni. Alikuwa mrefu, mwembamba, mtu wa maneno machache ambayo aliyarudia yale yale kila siku: lima, kula, lala.

Nilipofika darasa la tano akaja Mwalimu Zabroni. Alikuwa kijana wa Kitahana, kule Kibondo, ametoka chuoni juzi tu, filimbi shingoni kama rozari. Katika sanduku lake la bati alikuja na kitu ambacho hakuna mwalimu aliyewahi kutuletea: karatasi kubwa ya picha, imegundishwa kwenye kitambaa cha kaki, na juu yake maandishi mekundu, MICHEZO YA DUNIA. Kila Ijumaa kipindi cha mwisho aliitundika kwenye msumari, akachukua fimbo ya mwanzi, akatutembeza duniani.

Alituonyesha tenisi, watu wawili wakipigiana mpira juu ya wavu kwa vitu vinavyofanana na vikaango vyenye nyuzi. Alituonyesha kriketi, wanaume wenye suruali nyeupe pee, ambao, alisema, hucheza kutwa nzima, husimama kunywa chai, kisha huendelea hadi kesho yake.

"Mwalimu," akauliza msichana mmoja wa nyuma, "nani anawalimia?"

Mwalimu akahamia Japani. Huko kulikuwa na wanaume wanene kama mapipa, wamejifunga vitambaa viunoni tu, wanasukumana ndani ya duara. Anayekanyaga nje ameshindwa. Tukahamia Marekani, mtu amebeba rungu anangoja mpira urushwe aupige, halafu akimbie kuzunguka mpaka arudi pale pale alipoanzia. Kulikuwa na watu waliofunika nyuso kwa nyavu wakichomana kwa vitara visivyoua, na wengine wanaocheza mpira wa magongo juu ya barafu. Barafu yenyewe Mwalimu alitueleza kwa kutukumbusha ukungu wa asubuhi za mwezi wa sita. "Sasa fikirini ukungu huo umelala chini, umekuwa mgumu kama sakafu." Tulijitahidi kufikiri, tukashindwa.

Siku ya watu wanaoteleza kwenye theluji darasa liligawanyika kabisa. Pichani mtu alikuwa anashuka mlima kwa kasi, mbao ndefu miguuni, fimbo mikononi.

"Akifika chini anafanya nini?" nikauliza.

"Anapanda tena."

"Kufuata nini huko juu?"

"Ili ashuke, Domitila."

Darasa likaangua kicheko, nami nikakasirika, kwa sababu sikuwa nafanya mzaha. Kila asubuhi mimi na wenzangu tulishuka bondeni kuchota maji, tukapanda na ndoo kichwani, utelezi wa udongo mwekundu chini ya miguu yetu, na hakuna aliyewahi kutuvisha nishani.

Picha iliyotuinua sote vitini ilikuwa ya mtu mwenye upinde. "Upinde!" tulipiga kelele, maana babu za wenzangu walikuwa nao kila nyumba. Mwalimu akatutuliza, akasema ule ni mchezo hasa, una sheria. "Mkiwinda mnalenga mnachokwenda kula. Katika mchezo, unalenga kitu usichokula." Tukaandika.

Hapo ndipo kero yangu ilipoanzia. Tuliandika, tukakariri, tukajibu mitihani. Hatukucheza. Tukimwomba, Mwalimu alisema, "Mtacheza mkishaijua." Nilikuja kuijua michezo ya dunia kama mtu anayejua vyakula vyote vya harusi ambayo hakualikwa. Tulipojaribu tenisi kwa mpira wa magamba ya mgomba, haukudunda, ulianguka, ukalala. Tulipojaribu kriketi kwa mipini ya majembe, mmoja ukavunjika, na Mwalimu Mkuu akapiga marufuku kwa kuwa shamba la shule lilikuwa linangoja kupaliliwa. Wavulana walikuwa na mpira mmoja wa miguu uliojazwa upepo kila asubuhi. Sisi wasichana tulifundishwa netiboli bila mpira. Nasema kweli. Tulirushiana hewa. "Pokea! Toa pasi! Funga!" Mwalimu alipuliza filimbi kila tulipokosea, na mpaka leo sijui alikuwa anaona nini.

Kulikuwa na mchezo mmoja tu pichani usiohitaji mpira, wala rungu, wala barafu. Ulihitaji nguzo mbili, ufito mmoja na miguu. Kuruka juu. Nami nilikuwa na miguu ya Data.

Nilijua Data aliwahi kuruka, maana mama alinidokeza siku moja tukipepeta maharagwe: kwao, kabla hatujaja huku, watu walitoka vilima vya jirani kuja kumtazama baba yako. Alikuwa msaidizi wa mwalimu katika shule fulani, yeye ndiye aliyefundisha vijana kukimbia na kuruka. Nilipouliza zaidi, mama alitazama ungo. Halafu kwa macho yangu nikaona. Mbuzi wa jirani aliingia kwenye viazi vyetu, Data akatoka mbio, na mbele yake kulikuwa na ua wa matete uliomfika kifuani. Hakuuzunguka. Aliupita juu, bila kelele, kama mtu anayevuka kizingiti, jembe bado liko mkononi. Nikapiga vigelegele. Nilipokimbia kumfuata nikamkuta amekaa chini kwenye matuta, kichwa katikati ya magoti, na mbuzi anaendelea kula.

"Data, nifundishe!"

"Oya," akasema. Hapana.

"Kwa nini?"

"Mfukuze mbuzi."

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake mwezi ule wote. Nikiomba asubuhi, oya. Nikiomba jioni, oya. Mtu akikunyima asichokuwa nacho utamsamehe, lakini huyu alikuwa nacho, nilikuwa nimekiona.

Basi ikatangazwa kwamba Afisa Elimu angekuja kutoka mjini Kasulu kuitembelea shule. Mwalimu Zabroni akapata wazo la maisha yake: tutamwonyesha michezo ya dunia. Akagawa kazi. Wavulana wakapewa ngumi, mieleka ya Kijapani, tufe la jiwe, mkuki na kuruka juu. Sisi wasichana tukapewa kuogelea. Mto mkubwa haukuwepo karibu, kwa hiyo tungeogelea kwenye nyasi za uwanja, tumelala kifudifudi mistari miwili, tunapiga mikono na miguu kwa kufuata filimbi.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, nataka kuruka juu."

"Kuruka juu ni kwa wavulana."

"Hata pichani ni msichana."

Mwalimu alisogea kwenye karatasi yake aliyoitundika Ijumaa zote hizo, akainama, akatazama kwa karibu. Aliyekuwa anavuka ufito, mgongo chini, uso mbinguni, alikuwa na nywele ndefu zilizofungwa utepe, na ukimtazama vizuri hakuweza kuwa mwanamume hata kidogo. Mwalimu alikohoa.

"Haya," akasema hatimaye. "Lakini utaruka kama huyo. Kwa mgongo. Tusimwonyeshe Afisa mambo ya kienyeji."

Kwa hiyo ilitakiwa kitu cha kuangukia, na hapa ndipo godoro linapoingia. Kijijini kulikuwa na godoro moja tu la sponji, la Mzee Shabani mwenye duka, ambaye nduguze wa Ujiji walikuwa wamemletea. Sisi wengine tulilalia mikeka na magunia yaliyojazwa majani. Binti yake, Zuhura, alikuwa rafiki yangu wa dawati moja. Zuhura alimbembeleza mama yake, mama yake akambembeleza Mzee, na Mzee akakubali kwa masharti: siku ile moja tu, na asipande mtu mwenye matope.

Mazoezi, basi, niliyafanya nyumbani, kwenye lundo la makapi ya maharagwe. Niliangukia shingo. Niliangukia kiwiko. Makapi yaliniingia nguoni, nikajikuna kanisani. Mama, ambaye mwanzoni alinikataza, aliishia kuikata suruali kuukuu ya Data na kunishonea kaptula ya kuvaa chini ya sketi, ili nisije nikaaibisha ukoo hewani. Data aliiona suruali yake imekatwa. Akapita.

Jioni moja nilikuwa nimeangusha ufito mara nyingi mpaka machozi yananitoka kwa hasira. Data akapita akitoka shambani. Akasimama. Nikajifanya simwoni. Akaja, akautoa mguu wake kwenye kandambili ya tairi, akachora kwa kidole gumba mstari kwenye vumbi, mbali kidogo na pale nilipozoea kuanzia mruko.

"Hapa," akasema.

Akavaa kandambili yake, akaenda zake.

Nilikimbia, nikaruka pale pale kwenye mstari, na mwili wangu ukapita juu ya ufito kama vile umeitwa na mtu upande wa pili. Nilianguka kwenye makapi nikicheka peke yangu. Nilipoinuka kumtafuta, mlango ulikuwa umefungwa.

Sasa hebu niambieni, ninyi mngefanyaje? Nilimfuata ndani. Nikamwomba aje siku ya Afisa. Wazazi wote watakuja, nikamwambia, hata Mzee Shabani atakuja, japo yeye anakuja kulinda godoro.

"Siku hiyo nina kazi ya maharagwe," akasema.

"Maharagwe tumekwisha kuyapiga! Makapi yake ndiyo ninayoangukia!"

"Domitila," mama akasema kutoka jikoni. "Muache baba yako."

Neno hilo nililichukia kuliko oya. Muache. Kama kwamba mimi ndiye niliyemshika.

Siku yenyewe ilipambazuka na ukungu, kisha jua likatoka kali. Tulipanga mstari saa mbili asubuhi. Afisa alifika baada ya saa sita, Landrova imejaa vumbi, akahutubia kwa muda mrefu kuhusu siasa na kilimo huku wanamieleka wetu wa Kijapani, watoto wembamba waliofungwa mito matumboni, wakitokwa jasho. Waogeleaji walilala kwenye nyasi kwa nidhamu, filimbi ikalia, wakaanza kupiga mikono. Kumbe mstari wa pili ulikuwa umelala kwenye njia ya siafu. Sijapata kuona watu wakiogelea kwa bidii namna ile. Afisa alipiga makofi, akadhani ndio ustadi wenyewe, mpaka waogeleaji walipoinuka wakakimbia kila mtu upande wake wakijivua nguo.

Ndipo godoro likaletwa, wanaume wawili wamelibeba kichwani, Mama Zuhura nyuma yao akipiga kelele watandike kanga kwanza. Nguzo zikasimikwa. Niliinama kunusa lile godoro, harufu ngeni, ya dukani. Nilipoinua kichwa nikamwona.

Data alikuwa amesimama ng'ambo ya uwanja, chini ya mikaratusi, jembe begani. Hakuja walipokaa wazazi wengine. Alisimama peke yake, nusu nyuma ya mti. Lakini alikuwa amekuja! Nilimpungia mkono. Naye akainua kidogo mkono wake usio na jembe.

Mwalimu Zabroni alikuwa ameazima kwa katekista kile kipaza sauti cha bati, kama tarumbeta. Akakiweka mdomoni, akaanza kuita warukaji. Sauti ilitoka kubwa, kavu, haina utu.

"Nikiita jina lako, toka mbele! Simama kwenye mstari!"

Akaita wavulana, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja kwa jina lake na la baba yake. Kila aliyeitwa alitoka kwenye kundi, akasimama kwenye mstari wa chokaa. Halafu likaja la mwisho.

"Domitila Melkioni!"

Nikatoka mbele. Kabla sijafika kwenye mstari niligeuka kumtazama Data, anione nikitoka. Nikauona mgongo wake. Alikuwa anakwenda, mara akawa anakimbia, kwa zile hatua zake ndefu, mashamba ya mihogo yakamfungukia yakamfunga. Jembe lilikuwa limebaki chini, pale pale kwenye mizizi ya mkaratusi.

"Huyo Mrundi anakimbia nini?" mtu mmoja akauliza kwenye kundi la wazazi, na watu wakacheka, si kwa ubaya, wanavyocheka watu wakiona kitu wasichokielewa.

Wavulana waliruka. Zamu yangu ikafika. Nilikimbia, sikuuona mstari wa kuanzia mruko, sikuuona ufito, nilichokiona ni mgongo ule. Niliupiga ufito kwa kifua nikaanguka nao kwenye godoro, uso chini. Urefu ule nilikuwa nauvuka nyumbani kila jioni. Nikainuka haraka, kwa sababu sheria ilikuwa wazi, Mwalimu mwenyewe alitufundisha: mrukaji ana nafasi nyingine mbili.

Lakini Afisa alikuwa anatazama saa. Akamnong'oneza Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu akamnong'oneza Mwalimu Zabroni.

"Tunaingia kwenye mpira wa miguu sasa," kikasema kipaza sauti. "Mgeni wetu ana safari."

"Mwalimu, bado nina zamu!"

"Domitila, asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Sijashindwa! Sijamaliza!"

Mzee Shabani alikuwa amekwisha kuling'oa godoro, analikung'uta.

Nilikwenda nyumbani peke yangu, kaptula ile ikiniwasha. Data hakuwepo. Alirudi jua likizama, akakaa kwenye kigoda chake bila kugusa ugali. Nilikaa upande wa pili wa moto, nikangoja aseme kitu, chochote. Mwishowe akauliza, "Uliruka?"

"Nilianguka."

"Mm."

Hayo ndiyo yote. Kesho yake Zuhura alilileta jembe, nikalipokea, nikaliegemeza ukutani mahali atakapoliona, ili ajue kwamba tumejua. Hakuliulizia. Mimi sikuruka tena. Mwalimu Zabroni alinibembeleza mara kadhaa, kisha akahamishwa, akaondoka na karatasi yake ya picha. Kwa miaka mingi, kila niliposikia watu wakisimulia habari za baba zao, jinsi walivyowabeba mabegani au kuwanunulia viatu vya kwanza, niliinuka nikatafuta kazi ya kufanya. Wangu aliitikia jina langu kwa kukimbia.

Nilisoma, nikawa mwalimu, na ajira ikanipeleka huko huko Kitahana. Nilipewa nyumba pembeni mwa uwanja wa shule, na kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyezijua sheria za michezo mingi hivyo, nikapewa kitengo cha michezo. Mama alipofariki nilimchukua Data aje akae nami kwa muda. Alikuwa mzee tayari, mgongo umepinda, ila miguu bado mirefu. Alifika jioni. Asubuhi yake ilikuwa siku ya kuchagua timu ya kwenda mjini Kibondo. Nilisimama uwanjani, nikaita majina ya waliochaguliwa, wakajipanga kwenye mstari, nikawapa jezi za shule nikawaambia waende mtoni kuzifua. Wakaondoka wakiimba.

Niliporudi nyumbani kunywa chai nilimkuta Data amekaa nyuma ya mlango. Amevaa koti. Amevaa viatu. Kifurushi chake kiko mapajani, kimefungwa.

"Data, unakwenda wapi?"

Akanitazama kama mtu asiyenijua vizuri. "Umewapeleka wapi?"

"Nani?"

"Wale uliowaita."

"Wamekwenda mtoni kufua jezi."

"Wote?"

"Wote, Data."

"Na watarudi?"

Nilikuwa na chaki mkononi. Niliiweka mezani, nikakaa chini, sakafuni, mbele ya miguu yake. Na huko nyuma ya mlango, katika lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za mvua, baba yangu aliniambia.

Ilikuwa mchana, kule shuleni kwake Burundi, mwaka ule tuliovuka mpaka. Yeye alikuwa kwenye kona ya uwanja akisimika nguzo za kuruka. Wakaja wanaume na lori, wakaamuru watu wote wakusanyike uwanjani, walimu na wanafunzi wakubwa. Mmoja akaanza kuita majina. Ukiitwa, toka mbele, simama kwenye mstari. Mstari ule alikuwa ameuchora yeye mwenyewe asubuhi, kwa majivu, wa kuanzia mbio. Vijana wakatoka kwa utii, kwa sababu ndivyo alivyowafundisha: ukisikia jina lako, usichelewe. Waliitwa wengi. Wakapandishwa lori. Hakuna aliyeonekana tena.

"Wakafika kwangu," akasema. "Waliita jina langu na la baba yangu."

"Ukafanyaje?"

"Nyuma yangu kulikuwa na ua. Haukuwa ua wa kurukwa na mtu."

Nilikuwa mtoto wa yule aliyeuruka.

Nilitamani kumuuliza kwa nini hakuniambia. Ningekuwa na umri gani ndipo aniambie? Miaka kumi? Na angeanzaje, kwa msichana aliyevaa suruali yake iliyokatwa, anayemng'ang'ania aje uwanjani amwone akisimama kwenye mstari? Niliuliza jingine. "Siku ile Kitanga, ulikuja kwa nini?"

Akakiweka kifurushi chake chini.

"Ulikuwa unaanzia mruko mahali pabaya," akasema. "Nilitaka kuona kama umerekebisha."

Watoto walirudi alasiri, jezi mbichi zimetandazwa mabegani, wanarushiana maji. Data alitoka mlangoni akawatazama wakipita, mpaka wa mwisho alipoingia darasani. Tangu mwaka ule sijaita mtoto yeyote kwa kelele uwanjani. Huwa namfuata alipo, namgusa bega, namwambia njoo. Walimu wenzangu wamekuwa wakinitania kwamba napoteza muda.

Nilipokuwa mdogo nilielewa jambo moja tu, kwamba baba yangu aliondoka. Kwamba alikuja, kwamba alitoka nyumbani na miguu ile ile akaukaribia uwanja wenye watu na mstari wa chokaa na sauti inayoita, akasimama pale kwa kadiri moyo wake ulivyoweza kustahimili, hilo nililielewa nikiwa na mvi. Ningependa kuwaambia kwamba hasira iliisha siku hiyo. Ile ya kumkasirikia yeye iliisha. Nyingine ipo, na haina wa kumwendea: kwa wale wa lori, ambao hata majina yao sikuyapata kuyasikia, na ambao walimfikia baba yangu hadi Kitanga, mchana kweupe, kwa sauti ya mwalimu kijana asiye na kosa lolote aliyekuwa anataka tu kutuonyesha dunia inavyocheza.